Aliyeanguka Aliitwa Nani?



Katika maswali ambayo akina mama hutuletea baada ya darsa, siku hizi swali la michezo ya kompyuta halikosi. Wengi hutaka jibu la neno moja, halali au haramu, wapate kwenda nalo nyumbani. Juma hili tunawaomba wasomaji wetu subira, kwani tumekutana na mchezo ambao jibu la neno moja lisingeutosha.

Mchezo wenyewe ni mkongwe. Waitwa Cannon Fodder, msemo wa Kiingereza unaowataja askari wanaotupwa mbele ya mizinga kama lishe yake. Uliundwa na kampuni ya Uingereza, Sensible Software, ukatoka mwaka 1993 kwa kompyuta za Amiga. Vijana wa leo huucheza kwa programu zinazoiga kompyuta hizo za zamani. Mama mmoja alitueleza kuwa mwanawe wa miaka 12 ameushikilia, lakini kilichomtisha si milio ya risasi bali kicheko. Siku moja zilionyeshwa habari za vita kwenye simu, watu wakikimbia huku na huku, picha imepigwa kutoka angani. Mtoto akacheka, akasema, "Wamekwisha hao!"

"Maalim," mama akatuambia, "mwanangu si mkorofi. Lakini siku ile sikumjua."

Tukaenda tukaketi na kijana huyo, tukamwomba atufundishe. Mchezaji hutazama vita kutoka juu, kama mwewe, na askari huonekana wadogo mfano wa sisimizi. Kitufe cha kushoto cha kipanya huwatembeza, cha kulia hufyatua risasi. Adui aliyejeruhiwa pengine hafi papo hapo. Hugaagaa akilia na kuvuja damu mpaka apigwe tena. Vidole vyetu vimezoea tasbihi na kalamu, na kwa dakika chache tukawa tumewapoteza askari wote tuliokabidhiwa. Mwalimu wetu alifurahi kwelikweli.

Hata hivyo, mchezo huu una jambo ambalo hatukulitarajia. Kila askari wa mchezaji ana jina. Wawili wa kwanza huitwa Jools na Jops. Anayekufa jina lake huorodheshwa, na kabla ya safari nyingine huonyeshwa kilima chenye kaburi la kila aliyepotea. Chini ya kilima vijana wapya wamepanga foleni kuandikishwa, na juu ya kioo matokeo yamewekwa kama ya mechi ya mpira, wenyeji na wageni. Ulipotoka, ulizua mzozo huko Uingereza kwa kutumia ua la mpopi, ambalo kwao ni alama ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Chama cha Royal British Legion kililalamika. Waundaji wakajitetea kuwa walikusudia kuvipinga vita, si kuvisifu.

Basi tukamwuliza kijana, "Mwanangu, huyu aliyeanguka sasa hivi aliitwa nani?"

"Jops," akajibu upesi.

"Na yule wa upande wa pili?"

Akasita. "Hao hawana majina, maalim."

"Hawana, au hawakuandikwa?"

Hakujibu. Mkono wake ukatulia juu ya kipanya.

Hapo ndipo tulipouona ugonjwa wenyewe ulipo. Bunduki ya kwenye kioo haimwui mtu, lakini kumtazama binadamu kutoka juu, pasipo uso wala jina, huuzoesha moyo kumhesabu kama bao. Na picha nyingi za vita zinazotufikia leo zimepigwa vivyo hivyo, kutoka angani. Mtoto aliyezoea hesabu ya kwanza hataona tofauti na ya pili, asipopata wa kumwonyesha.

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alisimama jeneza lilipompitia. Akaambiwa kuwa ni la Myahudi. Naye akawauliza kama hiyo nayo si nafsi. Tulimsimulia kijana kisa hicho kwa ufupi, kisha tukamwachia mama kazi iliyobaki, kwa kuwa yeye ndiye anayelala naye nyumba moja.

Nasi twawausia wazazi wote: mchezo wa kuua usiachiwe mtoto peke yake chumbani. Uwekewe saa, usiile Swala wala chuo. Na atakayeruhusu, basi aketi kando ya mwanawe walau mara moja, amwulize habari za hao walioanguka, wa pande zote mbili: walikuwa wana wa nani, na nani aliwangojea nyumbani. Zikija habari za vita, maswali ni hayo hayo.

Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo za watoto wetu, na awarehemu wote waliouawa bila ya majina yao kuandikwa. Amin.