Milima ya Montana na somo la darubini iliyosogea

Juu ya meza ya jikoni, kati ya chupa ya chai na sahani ya mandazi, kuna karatasi yenye matundu matatu ya risasi. Yako karibu karibu kiasi kwamba kisoda kimoja kingeyafunika yote. Kasoro ni moja: yako sentimita 11 kushoto kwa alama nyeusi iliyolengwa.

Mwenye karatasi ni baba wa watoto wanne, mzaliwa wa Fizi, Kivu ya Kusini, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuhamia Missoula, mji ulio magharibi mwa jimbo la Montana, Marekani. Mkewe ameshataka kuitupa karatasi hiyo mara mbili.

"Iache, mama watoto," humjibu. "Hiyo ndiyo risiti ya ada niliyolipa."

Ada yenyewe ilikuwa mnyama mkubwa aliyejeruhiwa akapotelea kwenye theluji, na friza ya familia iliyobaki tupu majira yote ya baridi.

Mji usioficha uwindaji

Missoula umekaa bondeni, Mto Clark Fork ukipita katikati na milima ikiuzunguka. Tangu mwaka 2016 mji huu umepokea familia za wakimbizi kutoka Congo, na Kiswahili si lugha ngeni tena hapa. Ndipo pia yalipo makao makuu ya Rocky Mountain Elk Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1984 kwa ajili ya kumhifadhi elk na makazi yake.

Elk ni mnyama mwenye pembe za matawi ambazo hudondoka na kuota upya kila mwaka. Dume hufikia kilo 300 na zaidi, sawa na tandala mkubwa kabisa. Mmoja akipatikana, familia inakula nyama miezi mingi.

Kwa baba huyu, uwazi huo ulikuwa jambo geni. Katika kambi za Kigoma, nyama ya porini iliwahi kupewa jina la "mchicha wa usiku", kwa kuwa ilipikwa giza likishaingia ili wapishi wasikamatwe. Montana mwindaji anakata leseni, anavaa nguo ya rangi ya chungwa inayong'aa ili asidhaniwe mnyama, na aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985 lazima apitie mafunzo ya uwindaji. Nyama hairuhusiwi kuuzwa, na kuiacha iharibike porini ni kosa.

Aliyemfundisha njia ni jirani, seremala mstaafu wa miaka 68. Watoto wa nyumba hii humwita Babu.

Njia ya nyumbu

Wanakowinda ni Bob Marshall Wilderness, pori lililotengwa kwa sheria ya mwaka 1964 na kupewa jina la mtaalamu wa misitu aliyeishi kati ya 1901 na 1939. Likijumlishwa na mapori jirani ya Great Bear na Scapegoat, eneo linazidi kilomita za mraba 6,000. Ndani yake hakuna barabara, na hata baiskeli hairuhusiwi. Mtu huingia kwa miguu, kwa farasi au kwa nyumbu. Nyumbu wa huku si yule wa Serengeti, ni mtoto wa punda dume na farasi jike, na ndiye lori la milimani.

Kutoka Missoula gari hufuata Mto Blackfoot, kisha hupinda kaskazini kupita Seeley Lake hadi Holland Lake, ambako njia ya miguu huanza. Oktoba ikifika katikati, miti ya larch, ambayo ni ndugu wa msonobari lakini hupukutisha majani, hugeuka njano kama embe bivu. Siku moja inaweza kuwa na jua asubuhi, mvua mchana na theluji usiku.

Katika safari ile ya kwanza, kwenye kona yenye barafu, nyumbu aliyebeba bunduki aliteleza akaangukia ubavu. Hakuumia. Bunduki ilitolewa kwenye ala yake ya ngozi, ikakaguliwa, haikuwa na hata mkwaruzo. Darubini iliyofungwa juu yake ilionyesha picha safi. Wakaendelea na safari.

Siku ya pili dume alisimama umbali wa mita 250, akitazama kulia. Baba aliegemeza bunduki juu ya gogo, akasubiri pumzi itulie, akaweka msalaba wa darubini nyuma ya bega, akafyatua.

Kilichotokea kinaelezwa na hesabu ya darasani. Darubini iliyosogea sentimita 11 kwenye mita 100 inakosea zaidi ya sentimita 27 kwenye mita 250. Sehemu ya moyo na mapafu ya elk ina upana wa kama sentimita 40, yaani sinia la ukubwa wa kati. Anayelenga katikati ya sinia hilo na kukosea sentimita 27 anatoka nje ya ukingo. Risasi ilipita nyuma, tumboni.

Walifuata damu kwa saa tano. Kisha theluji ikaanza kushuka, nyayo zikafunikwa.

"Mzee hakunigombeza," anasema baba. "Alikaa kimya mpaka kambini. Ningependa angenigombeza."

Waliporudi mjini, walikwenda kwenye uwanja wa shabaha na kupiga risasi tatu kwenye karatasi. Ndiyo iliyo mezani.

Picha safi si uimara

Dukani, mteja huinua darubini na kutazama saa ya ukutani upande wa pili. Muuzaji humwonyesha mwanga wake na jinsi inavyokuza mara 20 au 25. Hayo yanaonekana papo hapo, na ndiyo yanayouza. Kinachoamua mambo milimani hakionekani dukani.

Ndani ya bomba la nje la darubini kuna bomba jingine dogo linalobeba lenzi. Upande mmoja linasukumwa na skrubu za marekebisho, upande wa pili linashikiliwa na springi. Kila risasi inapofyatuliwa, teke la bunduki hulitikisa. Darubini ikianguka, hutikiswa zaidi. Iliyo imara hurudi pale pale ilipowekwa. Iliyo dhaifu hubaki imesogea, huku picha ikiwa safi kama mwanzo na msalaba ukiwa katikati ya duara. Hakuna kitu cha kumwambia mwindaji kwamba bunduki sasa inapiga kwingine.

Adui wa pili ni unyevu. Mwaka 1947 kampuni ya Leupold ya jimbo la Oregon ilitoa darubini iliyojazwa naitrojeni badala ya hewa ya kawaida, ili mvuke usigeuke ukungu kwenye vioo vya ndani. Leo darubini nyingi nzuri zina naitrojeni au agoni, na oringi za mpira huzuia maji kuingia. Oringi ikichoka, gesi hutoka na unyevu huingia.

Ushauri wa Babu ulikuwa mfupi: fedha iende kwenye kinachoshikilia, kabla ya kinachokuza. Darubini yenye ukuzaji mmoja usiobadilika ina vipande vichache vinavyotembea, hivyo vya kulegea ni vichache. Uzito nao ni suala la mgongo. Darubini za kuwindia huanzia kama gramu 350 na kupita 850, na tofauti hiyo hubebwa siku nzima kwenye mteremko.

Jicho lina kikomo chake

Kuna kipimo kingine ambacho mnunuzi anaweza kukikokotoa mwenyewe. Chukua upana wa kioo cha mbele kwa milimita, gawanya kwa ukuzaji. Jibu ni upana wa mwanga unaofika jichoni. Kioo cha milimita 42 kikikuza mara 6 hutoa milimita 7. Kioo cha milimita 50 kikikuza mara 25 hutoa 2 tu.

Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi kama milimita 7. Umri unavyosonga hupungua, na kwa wazee wengi haifiki hapo. Elk hutoka zaidi alfajiri na jioni, hivyo ukuzaji mkubwa unaosifiwa dukani mchana huweza kuwa giza tupu wakati unapohitajika.

Umbali wa jicho na darubini nao una sababu za kiafya. Nyingi hutaka jicho likae kama sentimita 9 nyuma ya kioo. Anayesogea karibu zaidi hupigwa na ukingo wa darubini bunduki inaporudi nyuma, na kupata jeraha la mwezi mchanga juu ya nyusi. Jeraha likiachama linahitaji kushonwa. Na aliyepigwa akianza kuona vitu viwili viwili au kutapika anapaswa kuwahishwa hospitali.

Rangi ya kucha

Mara nyingine darubini husingiziwa. Hukaa juu ya kitako cha chuma na kushikwa na pete mbili, na vyote hufungwa kwa skrubu ndogo. Moja ikilegea, matokeo ni yale yale ya darubini mbovu. Ikikazwa mno, pete hubana bomba na kuharibu mitambo ya ndani.

Babu alifuta mafuta yote kwenye skrubu, akazikaza kwa bisibisi yenye kipimo: kwenye pete, karibu nyutoni-mita 2, kama maelekezo ya mtengenezaji yalivyosema. Kisha binti wa kwanza wa nyumba hiyo, mwenye miaka 16, aliombwa chupa yake ya rangi nyekundu ya kucha. Alipaka mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma kilicho pembeni. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na jicho linaona.

Darubini mpya ilikuwa ya milimita 42, ikikuza mara 6 tu. Kabla ya kuaminiwa ilipewa mtihani. Ilizamishwa katika beseni la maji ya uvuguvugu, wakitazama kama kuna mapovu yanayotoka. Hayakutoka, ingawa mama alilalamikia beseni lake. Ilifungwa kwenye bunduki, zikapigwa risasi tatu kwenye karatasi. Bunduki ikalazwa nyuma ya gari, ikapitishwa kwenye barabara ya mawe, kisha ikiwa tupu na bolti ikiwa imetolewa, ikaangushwa kwa ubavu juu ya mkeka kutoka usawa wa goti, mara kadhaa. Zikapigwa risasi tatu tena. Matundu yote sita yalikaa pamoja.

"Ile ya kwanza sikuipima hata siku moja," anasema baba. "Niliipenda tu."

"Sipigi, Papa"

Oktoba iliyofuata waliingia porini watatu: baba, Babu na binti ambaye alikuwa ameshafaulu mafunzo yake. Safari hii bunduki ilibebwa begani, si kwenye nyumbu. Hata hivyo, siku ya tatu jioni binti aliteleza kwenye majani yenye barafu akaiangukia.

Asubuhi kundi la elk lilitokea ng'ambo ya bonde, mita 280, limesimama kwenye jua. Baba alimwinamia bintiye.

"Unapiga?"

"Sipigi, Papa. Jana nilianguka nayo."

Babu alitikisa kichwa kukubali, akatoa mkate kwenye mkoba. Kundi lilipanda taratibu, likapotea mstuni.

Mchana walitembea hadi bonde jingine, wakabandika karatasi kwenye gogo na kupiga risasi moja. Ilitua kwenye alama. Mistari ya rangi ya kucha ilikuwa haijakatika. Kesho yake alfajiri, mita 140, binti alimpiga elk jike ambaye leseni yake ilimruhusu. Alitembea hatua chache, akalala.

Nyama iliwekwa kwenye mifuko ya kitambaa na kuning'inizwa juu, mbali na kambi, kwa kuwa dubu wa grizzly wanaishi humo. Pande zote za tundu la risasi zilikatwa kwa upana na kutupwa, kwani vipande vya risasi ya risasi, yaani madini ya ledi, husambaa mbali kuliko jicho linavyoona. Mwaka 2008, watu 738 walipopimwa damu katika jimbo la North Dakota, waliokula nyama ya kuwinda walikutwa kwa wastani na ledi nyingi kidogo kuliko wasioila. Wajawazito na watoto wadogo ndio wa kulindwa zaidi, na wawindaji wengine huchagua risasi za shaba.

Sasa jikoni mama anaandika tarehe kwenye mifuko ya nyama kwa kalamu nyeusi. Zilipatikana zaidi ya kilo 70 zisizo na mifupa, na fungu la Babu liko pembeni. Bunduki imetolewa kwenye ala na kufutwa, imeachwa wazi ikauke kabla ya kufungiwa kabatini.

"Baba watoto, karatasi hii sasa naweza kuitupa?"

"Bado," anajibu. "Mdogo wake mwakani anatimiza kumi na miwili."