Sanduku Jeusi la Berlin



Tunapolisikia neno sanamu, wengi wetu huwaza mpingo uliochongwa au udongo uliofinyangwa. Leo nakualika uitazame sanamu isiyochongwa wala kufinyangwa, bali iliyopangwa: masanduku ya chuma yaliyorundikwa moja juu ya jingine hadi darini, na katikati yake ujia mwembamba wenye mwanga hafifu.

Kazi hii imo katika orofa ya chini ya Reichstag, jengo la Bunge la Ujerumani mjini Berlin. Iliundwa na Christian Boltanski, msanii Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2021. Mnamo 1989 alikuwa ameunda ukuta wa mikebe 646 ya biskuti, akahifadhi ndani yake picha na karatasi za maisha yake mwenyewe. Miaka kumi baadaye, mjini Berlin, aligeukia majina ya watumishi wa umma. Hapo pana masanduku karibu 5,000, na kila moja lina jina la mbunge aliyechaguliwa kidemokrasia kati ya 1919 na 1999.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, kila mbunge ana sanduku moja, awe aliongoza serikali au amesahauliwa na wote. Hata Adolf Hitler, aliyechaguliwa kuwa mbunge mwaka 1933, hakufutwa. Jina lake limo pamoja na majina ya wabunge waliouawa na utawala wake. Pili, lipo sanduku moja jeusi. Hilo ni la miaka ya 1933 hadi 1945, wakati Wajerumani hawakuwa na bunge walilolichagua kwa uhuru.

Sijafika Berlin, nimeiona kazi hii pichani tu. Hata hivyo, sanduku hilo jeusi limenikaa moyoni, kwa sababu hapa Uganda nasi tunalo letu, ingawa hatujalitengeneza. Tangu Idi Amin alipoipindua serikali Januari 1971 hadi uchaguzi wa Desemba 1980, hatukuwa na bunge lililochaguliwa na wananchi. Katika miaka hiyo baba yangu mkubwa alichukuliwa nyumbani, asirudi tena. Hana kaburi. Kilichobaki ni cheti chake cha ubatizo, ambacho nyanya alikihifadhi kwenye mkebe wa biskuti pamoja na stakabadhi za kodi za babu.

Kila mwaka nafundisha methali isemayo, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Wanafunzi huipenda, na busara yake naikubali. Lakini mganga atagangaje jeraha ambalo hajaonyeshwa? Kusamehe na kusahau ni vitenzi viwili, wala kimoja hakihitaji kingine. Raia asiyejua alichowahi kunyang'anywa hatajua namna ya kukilinda.

Basi, msomaji wangu, zoezi la juma hili ni hili. Waulize wazee wa nyumbani kwako ni karatasi ipi ya zamani wameihifadhi, na kwa nini. Kisha andika aya moja ya Kiswahili sanifu kuihusu. Ikiwa karatasi hiyo ina jina la mtu, liandike kwa ukamilifu, wala usilifupishe.