Gari Likichemka

Mwaka 2008 kompyuta iliingia nyumbani kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura: Pentium 4 yenye kumbukumbu ya megabaiti 256 na Windows XP ya Kifaransa. Ilikuwa imetumika miaka kadhaa Ulaya kabla ya kutufikia, lakini kwa wavulana wa mtaa ule ulikuwa uwanja mpya. Tuliweka Pro Evolution Soccer 6, tukacheza kwa zamu, anayefungwa anampisha mwenzake.

Mwanzoni mchezo ulikwenda vizuri. Baada ya dakika kumi hivi wachezaji walianza kuburura miguu, mpira unaganda hewani, sauti ya watazamaji inakatikakatika. Nilipunguza picha hadi 800 kwa 600, nikazima vivuli, nikaondoa programu zilizokuwa zinajiwasha zenyewe na kula kumbukumbu. Tulipata nafuu ya kipindi cha kwanza tu.

Jambo moja lilininyima usingizi. Alfajiri, baada ya swala, mashine ileile haikukwama hata kidogo. Saa nane mchana ilikwama kila siku. Bujumbura imekaa kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na mchana joto chini ya bati halina pa kutokea. Megabaiti ni zilezile asubuhi na mchana. Hilo nililijua, ila sikujua linanielekeza wapi.

Mjomba alikuwa fundi magari, na Buyenzi gereji hazihesabiki. Siku moja alikuja kumwona mama. Nikampa shikamoo bila kuinua macho kwenye kioo. Hakukasirika, alisimama anasikiliza feni inavyovuma.

“Mwanangu, hiyo inachemka. Gari likichemka halina nguvu.”

Miaka baadaye nilisoma kwamba ndivyo Pentium 4 ilivyoundwa: ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi isiungue. Mjomba hakuwahi kusoma hilo popote. Aliisikia tu.

Tuliibeba hadi gereji. Kwanza aliyamwaga maji yaliyokusanyika kwenye tangi la kompresa, akaachia hewa ipige kavu kwa muda. Akanionyesha jinsi ya kuzuia mapanga ya feni kwa kidole yasizungushwe na upepo ule mkali. Vumbi la kiangazi lilitoka kama blanketi, limeziba mapengo yote ya kile chuma cha kupozea. Chini yake, ule uji mweupe unaopakwa juu ya prosesa ulikuwa umekauka kama chokaa. Tulipangusa, tukapaka mwingine, tone dogo tu, maana ukizidi nao huzuia joto kupita. Bado nawaambia vijana wanaokimbilia kununua kumbukumbu mpya: fungueni kwanza mtazame ndani.

Siku ile mechi ilifika dakika ya 90 mchana kweupe, mpira unateleza kama kwenye nyasi zilizonyeshewa. Mjomba alivuta kigoda, akafuta grisi mikononi, akauliza wetu ni wenye jezi gani.