Safari ya Dinant, na Kipulizio cha Baba

Wengi wenu mmekwisha kuisikia saksafoni katika bendi, ingawa labda hamjapata kuishika mkononi. Mwili wake ni wa shaba, lakini sauti yake haizaliwi katika shaba. Huzaliwa katika kipulizio, yaani kile kipande cha mwisho ambacho mpigaji hukitia kinywani. Juu ya uso wa kipulizio hufungwa ulimi mwembamba wa tete, na mpigaji apulizapo, ulimi ule hutikisika, hufunga na kufungua njia ya pumzi, ndipo sauti itokapo. Basi uso huo ukiwa na kombo, hata kombo la unene wa unywele, chombo chote hupata kilema.

Sisi ndugu wawili wa Lubumbashi tuliachiwa na marehemu baba yetu saksafoni ya sauti ya tena, pamoja na kipulizio chake cha mpira mgumu. Baba aliipiga miaka mingi, na watu walimtambua kwa sauti kabla ya kumwona. Lakini sisi tulipoishika, sauti za chini zilikataa kutoka, na za juu zikalia kama mlango usiotiwa mafuta. Mmoja wetu akasema, Kichongwe upya. Mwingine akasema, Tusikiguse. Kile ni kinywa cha baba. Tukabishana hivyo mwaka mzima. Hata tulipopata safari ya kwenda Ubelgiji, tukakichukua, kwa kuwa tuliambiwa kwamba katika mji wa Brussels yuko fundi aijuaye kazi hiyo.

Fundi huyo ni mzee wa maneno machache. Alikilaza kipulizio juu ya kioo kinene kilichochorwa mistari, akaingiza vipande vya feleji vyembamba kuliko karatasi kati ya kioo na uso wa kipulizio, akatazama kila kipande kimekwama katika mstari gani. Upande wa kuume kiliingia kidogo, upande wa kushoto kikaingia zaidi. Maana yake ule mpindo haukuwa sawa, ukingo mmoja ulianza kupinda mapema kuliko mwenzake. Kisha akafunga ulimi wa tete, akaziba tundu la nyuma kwa kiganja, akafyonza hewa. Alituambia kwamba kipulizio kizima humshika ulimi wake kitambo kidogo, kisha humwachia kwa mlio. Cha kwetu hakikumshika hata kidogo, kwa kuwa bapa linalolaliwa na tete lilikuwa limepinda, na hewa ilipenya.

Akatuuliza, “Mabwana, mwataka nini hasa? Mwataka kombo hili liondoke, ama mwataka sauti ya baba yenu? La kwanza naliweza. La pili silo la kwangu. Tena jueni, nikisha kusaga mpira huu, sina njia ya kuurudisha.”

Tukatazamana, maana maji yakimwagika hayazoleki. Mwisho yule aliyekuwa akikataa aliinamisha kichwa akasema, “Asage.” Fundi akaandika vipimo vyote katika daftari, akatuambia turudi siku ya tatu.

Kungoja kulikuwa kuzito. Kwa hiyo siku ya pili tukapanda treni kwenda Dinant, mji aliozaliwa Adolphe Sax, mtu aliyeibuni saksafoni. Njia hupita Namur, na toka hapo reli hufuata mto Meuse, majabali yakisimama kandokando. Dinant yenyewe ni mji mwembamba, umebanwa kati ya mto na jabali. Juu ya jabali iko ngome, na ngazi yake ina vidato 408. Chini ya jabali liko kanisa kubwa la Mama Yetu, lenye mnara wa umbo kama tunda la peasi. Mwaka 1227 mawe yaliporomoka kutoka jabalini yakaliharibu kanisa la kale, watu wakajenga jingine mahali pale pale. Mwaka 1914 vita vikaja. Tarehe 23 Agosti askari wa Kijerumani waliwaua raia 674 wa mji huo, na sehemu kubwa ya mji ikateketea. Kanisa nalo likaharibiwa, likatengenezwa tena. Tulisimama darajani tukilitazama kitambo kirefu, wala hatukusema neno.

Juu ya daraja hilo zimesimamishwa saksafoni kubwa zilizopakwa rangi nyingi, kwa heshima ya mwana wa mji. Adolphe Sax alizaliwa tarehe 6 Novemba 1814. Yasimuliwa kwamba utotoni aliponea chupuchupu mara nyingi: alianguka kutoka juu, alimeza pini, alitumbukia mtoni. Baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya muziki, na mwana akafuata kazi ile ile. Mwaka 1842 alihamia Paris, na mwaka 1846 akapata hati ya serikali ya kuwa saksafoni ni kazi ya akili yake. Hata hivyo alifilisika mara tatu, akafa mwaka 1894 bila utajiri.

Jambo moja lilitufaa sana kulikumbuka tulipokuwa huko. Vipulizio vya Sax mwenyewe vilikuwa vya mti, na uwazi wa ndani ulikuwa mpana wa mviringo, hata sauti ikawa laini. Waliokuja baadaye wakaupunguza uwazi huo, ili sauti iwe kali na isikike katika bendi kubwa za dansi. Tangu mwanzo, basi, kipulizio kimekuwa kitu cha kuchongwa na kuchongwa tena, kila mtu akitafuta haja yake.

Kabla ya kurudi tulinunua mkate mdogo wa mji huo uitwao couque, uliofanywa kwa unga na asali, ukagandamizwa katika kalibu ya mti iliyonakshiwa, kisha ukaokwa. Wasomaji, jihadharini nao! Ni mgumu kama kigae, nasi nusura tuvunje meno ya mbele, ambayo mpiga saksafoni hawezi kuyakosa.

Siku ya tatu tukarudi kwa fundi. Karakana ilinuka kiberiti, kwa kuwa mpira ule mgumu hufanywa kwa kuchanganywa na kiberiti, na ukisagwa harufu hutoka. Vipande vya feleji sasa viliingia sawa pande zote mbili. Alipofonza hewa, ulimi ulishika, kisha ukaachia, pap! Tukapiga: sauti za chini zikatoka kama maji ya mfereji. Mmoja wetu akacheka kwa furaha. Mwingine akanyamaza, kisha akasema, “Ni nzuri. Lakini si yake.”

Fundi hakuudhika. Alisema, “Msiihukumu leo. Pigeni siku 14, mjaribu tete ngumu na laini, maana tete iliyouzoea uso wa zamani huenda isiupende uso mpya.” Ni kweli; wazee husema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Tulifanya hivyo nyumbani. Jioni moja tulipiga wimbo aliouzoea baba, na mama akaja akasimama mlangoni. Tuliogopa kumtazama. Akasema, “Baba yenu hakuupiga hivyo, wanangu. Yeye aliusukuma wimbo hata mishipa ya shingo ikamsimama. Mara ngapi nilimwambia akipeleke kidude hicho kwa fundi! Siku zote alisema atakipeleka kesho.” Kisha akaketi, akatuambia tuurudie.

Basi tuliyoidhani kuwa sauti ya mpira ilikuwa jasho la baba akishindana na kombo lile. Fundi hakuiondoa, kwa maana haikuwamo. Yule ndugu aliyenyamaza Brussels sasa ndiye apigaye zaidi.

Mkiulizwa kama kuchonga upya kunaridhisha, jibuni hivi: huridhisha kwa yule ajuaye kilema anachotaka kiondolewe, aliyekubali kwamba kilichosagwa hakirudi, na aliye na subira ya siku 14. Asiyejua atakalo, hata fundi bora hatampendeza.