Mahakimu wa Banda la Video

Ukitaka kulipata banda la video la Ziwani ya utoto wangu, huna haja ya kuuliza njia. Ngoja giza liingie, kisha ufuate mlio wa jenereta. Pita chini ya mikorosho, taratibu, usije ukateleza kwenye mabibo yaliyopondeka. Harufu yake tamu yenye ukali imetanda njia nzima. Ni Novemba. Korosho zimeuzwa, watu wana hela, na mwenye banda ameleta mikanda mipya kutoka Mtwara mjini.

Mlangoni kuna mama anayekaanga mihogo. Lipa kiingilio, inama, ingia. Kuta ni makuti, viti ni magogo ya minazi, hewa ni petroli, jasho na shombo la wavuvi waliokuja bila kupitia kwao kuoga. Televisheni imekaa juu ya meza, na deki imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama bibi harusi. Masika yalipoikata barabara ya Dar es Salaam, miaka ile kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tulirudia mikanda ileile mpaka tukajua ngumi ipi ya Bruce Lee inafuata ipi. Baadaye ikaja mikanda yenye sauti ya Lufufu, akitafsiri, akitania, akichomeka na maneno yake mwenyewe.

Lakini uhondo wenyewe ulikuwa njiani, wakati wa kurudi, tochi zikiyumba mbele yetu. Hapo ndipo picha zilipohukumiwa. Vijana walimsifu Schwarzenegger wa Commando kwa kumaliza jeshi zima peke yake. Bibi yangu hakuwa na habari naye. Yeye alikuwa na kesi yake na Sholay.

"Wamemuua Amitabh, mtu mpole," alisema, "wakambakiza yule mwenye domo."

Usiku wa Titanic ndio nisiousahau. Mjomba, aliyekuwa baharia wa majahazi tangu ujanani, alitoka bandani amekasirika kana kwamba meli ilikuwa yake.

"Nahodha anaambiwa mbele kuna barafu, tena usiku, halafu hapunguzi mwendo? Na mashua hazitoshi watu! Huyo hata ngalawa nisingempa."

"Na Jack je, mjomba?" nikauliza.

"Jack kachoka tu. Maji hayamuui mtu kwa baridi."

Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu ambaye bahari yake yote ilikuwa ya uvuguvugu, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma. Vijana wakabisha, kuna aliyesoma shuleni kwamba kule kaskazini bahari huganda. Mjomba akacheka sana.

Bibi alingoja wamalize. Akajifunga kanga upya, akasema kwamba wote hawakuona jambo lenyewe.

"Yule bibi kizee kakaa na kidani miaka yote hiyo, kisha anakitupa baharini. Mjukuu wake yuko melini mlemle! Mtu mzima gani anafanya hivyo?"

Nimeitazama tena picha ile mara nyingi, kwenye televisheni kubwa, bila Lufufu na bila jenereta. Wenzangu hulia Jack anapozama. Mimi hungoja kidani kirushwe, nikasirike vizuri. Bibi alikuwa na haki: kile kilikuwa cha mjukuu.