Mwombaji au Mstahiki?

Katika Kiswahili, anayetafuta kazi kwa barua na anayenyoosha mkono njiani huweza kuitwa kwa jina moja: mwombaji. Mwaka 2022, ukame ulipoteketeza mifugo yetu huko Marsabit, nilimsindikiza mama kujiandikisha ili apate chakula cha msaada. Karani aliuliza tumebakiwa na mbuzi wangapi, kisha akaliandika jina la mama chini ya neno hilo. Mama, aliyezoea kukirimu wageni, aliinamisha kichwa.

Ilhali Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chatambua haki ya kila mtu ya kutokuwa na njaa. Mwenye haki haombi, anastahiki. Wanafunzi wenzangu, neno mstahiki tulizoea kumtunukia meya. Hata mama anayepigania unga wa wanawe linamfaa.