Sindano ya uboho

Mwaka jana nilikuwa mtu wa kupumzika mara tatu njiani kabla ya kufika shuleni. Macho meupe, ulimi unaniwasha, miguu inakufa ganzi. Mara mbili nilipewa dawa ya malaria. Mwisho wakapima damu, nayo ilikuwa imepungua yote: chembe nyekundu, nyeupe, hata zile ndogo zinazogandisha damu. Daktari akasema: « Sasa tuulize kiwanda chenyewe. » Maana yake uboho, kwa kuwa damu huzaliwa mle ndani ya mfupa. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha lazima nyingine zishike mahali pake.

Mama mkubwa alilia. « Watakutoboa mgongo, mwanangu, utakuwa kiwete! » Nami, mwalimu wa kuwafundisha wengine wasiamini kila neno, nikatoroka. Nikakaa nyumbani wiki tatu.

Nilirudi nimebebwa. Daktari hakunigombeza. Aliushika mkono wangu, akauweka nyuma ya nyonga: « Ni hapa tu. Uti wa mgongo hatuugusi. » Mwaka 1927, daktari Mrusi jina lake Arinkin alianza kuvuta uboho kwa sindano katika mfupa wa kifua, siku hizi mara nyingi ni nyonga.

Basi nikalala ubavu. Dawa ya ganzi ilichoma kidogo, ikatuliza ngozi na utando wa mfupa. Lakini ndani ya mfupa ganzi haifiki, nami sitawadanganya: walipovuta, niliona kama mtu anang'oa mzizi kutoka kiunoni mpaka gotini, nikapiga kelele. Kisha yakaisha, kabla sijamaliza kuona haya. Uboho uliotoka haukujaza kijiko cha chai. Wakachukua na kipande cha mfupa, chembamba kama kijiti cha kiberiti.

Katika darubini waliona kiwanda kimejaa, ila chembe zake ni kubwa na hazikomai. Damu ilipopimwa tena, vitamini B12 ilikuwa chini sana: tumbo langu haliwezi kuitoa katika chakula. Sindano zikaniinua, nami nitachomwa hizo maisha yangu yote.

Kitanda cha pili alilala kijana tuliyetobolewa naye siku moja. Uboho wake ulionyesha kansa ya damu. Jioni aliniuliza kama mimi pia niliikimbia sindano ile. Nikajibu: wiki tatu. Akanyamaza kidogo, akasema yeye miezi mitano.